John Browning: Fundi wa Mtaani Aliyeunda Bunduki Noma za Winchester, Lakini Jina Likaenda kwa Wengine

Kama unacheza PUBG, ukishukia ile mapu ya jangwa ya Miramar, kuna siku umeokota Win94. Unakoka leva, unalenga, unakoka tena. Na kama ulicheki Terminator 2, unakumbuka Arnold Schwarzenegger kwa ile Harley, akizungusha bunduki fupi kwa mkono mmoja kama makanga anacheza na funguo. Hiyo ni Winchester 1887. Rudi kwa gemu, chukua ile bastola inaitwa P1911.

Sasa kaa chini nikupe stori. Hizo silaha tatu zilitoka kwa kichwa ya msee mmoja, na huyo msee hakuwa anaitwa Winchester. Oliver Winchester mwenyewe, yule jina lake limepigwa chapa kwa chuma, alianza maisha akiuza mashati. Alidedi 1880, kabla kampuni yake haijanunua hata mchoro mmoja wa huyu jamaa. We fikiria vile produsa anakupikia biti kali, ngoma inabamba kila matatu, halafu jina lake halionekani popote. Produsa wetu wa leo anaitwa John Moses Browning.

Alizaliwa Januari 1855 huko Ogden, Utah, upande wa magharibi wa Marekani, pahali milima imekaribia nyumba. Mzae wake, Jonathan Browning, alikuwa fundi wa bunduki na mfuasi wa dini ya Mormoni, na alikuwa ameshatembea na karakana yake kutoka Tennessee, akapitia Illinois na Iowa, hadi Utah mwaka wa 1852. Mzae alikuwa na wake watatu na watoi 22. Kwa boma kama hiyo, kama hutaki kushinda ukitumwa maji, unajificha kwa karakana. John alijificha huko tangu akiwa mdogo sana, na inasimuliwa kwamba akiwa na miaka 10 aliokota mtutu mzee kwa mrundo wa skrapu, akaufunga kwa ubao, akaenda nao kuwinda ndege na bro yake Matt.

Shule? Aliachana nayo akiwa na kama miaka 15. Cheki Kamukunji siku yoyote utapata kijana kama huyo, anapiga nyundo kwa bati na ukimuuliza vipimo ako navyo kwa kichwa.

1879 ilikuwa mwaka wake wa mambo mengi. Alioa Rachel Child mwezi wa Aprili. Mzae akafariki. Na mwezi wa Oktoba serikali ikampea hataza yake ya kwanza, yaani ile karatasi inasema ubunifu huu ni wako na mtu asikuibie, ya bunduki ya kupiga risasi moja moja. Yeye na mabro zake wakaanza kuzitengeneza wenyewe kwa duka lao dogo. Kufikia 1883 walikuwa wametoa kama 600 hivi. Moja ikaangukia mikono ya muuzaji wa Winchester, akaituma makao makuu kule New Haven, mashariki. Wakubwa wakashtuka. T. G. Bennett, aliyekuwa ameoa binti ya Oliver Winchester na ndiye alikuwa anaendesha kampuni, akapanda treni mwenyewe hadi Ogden. Alipata vijana kwa kiduka. Akalipa dola 8,000, akabeba haki zote.

Kumbuka hiyo neno, zote. Tutairudia.

Kulikuwa na shida moja ilikuwa inasumbua Winchester usiku na mchana. Bunduki zao za leva zilikuwa zinapendwa kila kona. Leva ni ile mkono wa chuma uko chini ya kifyatulio: unasukuma chini, ganda lililotumika linaruka nje, unarudisha juu, risasi mpya inaingia. Haraka kuliko kufungua na kufunga kila mara. Lakini zile za zamani zilishikiliwa ndani na viungo vinavyojikunja kama goti. Goti halibebi gunia la saruji. Ukiweka risasi kubwa, presha inalemea.

Na watu walikuwa wanataka risasi kubwa. Ile iliyotamba ilikuwa ya jeshi la Marekani, .45-70. Jina lake lenyewe ni risipe: 45 ni upana, sehemu 45 kwa 100 za inchi moja; 70 ni uzito wa baruti nyeusi kwa kipimo chao cha greni, kama gramu nne na nusu. Kichwa cha risasi kilikuwa greni 405, yaani gramu 26 hivi. Ya AK haifiki theluthi ya hiyo. Ukimpiga nayo dubu au nyati wa kule, hatakimbia mbali.

Lakini kuna kitu muvi za kaboi hazikuonyeshi. Ile risasi huyo mwindaji anapiga, mara nyingi ameipika mwenyewe jikoni.

Ndio, jikoni. Jiweke kwa viatu vyake. Uko ranchi, duka la karibu ni safari ya siku mbili na farasi. Risasi za kiwandani ni ghali, na kitu ya bei humo ndani ni ganda, ile kopo ya shaba ya njano. Ganda halifi ukipiga. Linabaki chini pale ulipolirusha, zima. Kwa hivyo unaliokota. Wawindaji wa wakati huo walikuwa wanaokota maganda vile sisi tulikuwa tunaokota chupa za soda za kurudisha dukani.

Jioni kazi inaanza. Kwanza kuosha, kwa sababu baruti nyeusi inaacha uchafu wa kula shaba, na ukilala nayo hivyo utapata ganda limeoza. Halafu unang'oa fataki iliyolipuka kwa kitako cha ganda, unaweka nyingine. Wakati huo, kwa jiko, kuna chungu cha chuma na ndani yake risasi inayeyuka. Hapa Kiswahili kimetubariki: risasi ni ile metali nzito laini, na risasi ni ile kitu inatoka kwa mtutu. Waliotupa hilo neno walikuwa wanajua moja inatoka kwa nyingine. Inayeyuka kwa nyuzi 327 tu, kwa hivyo jiko la kuni linatosha. Wanachanganya bati kidogo ndio iwe ngumu na ijaze pembe zote.

Halafu kusubu. Kama hujawahi kuskia hilo neno, ni kumimina metali iliyoyeyuka kwa kalibu, ile chuma ya vipande viwili yenye shimo la umbo unalotaka. Unamimina, inaganda, unakata kimkia cha juu, unafungua, kichwa kinadondoka kikiwa moto bado. Kalibu ikiwa baridi, kichwa kinatoka na mikunjo kama uso wa babu. Ikipata moto kupita kiasi, kinatoka na ukungu mweupe. Mikunjo inarudishwa kwa chungu, hakuna kutupa. Na Winchester waliuza hizo kalibu na vyombo vyake pia. Zile za mishikio ya chuma tupu zilikuwa zinachoma vidole vibaya, mpaka baadaye wakaweka mbao.

Vichwa vinapakwa nta na mafuta ya ng'ombe kwenye mifereji yake ndio uchafu wa baruti usigande kwa mtutu. Baruti inaingia kwa ganda, kichwa kinakaa juu, mdomo wa ganda unabanwa. (Usijaribu hii kitu hapa Kenya. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, haina mchezo, na karao hatakuuliza kama ulikuwa unasoma historia.)

Sasa ona mahali bunduki ya leva inakulazimisha kufikiria. Risasi zake zinalala kwa mrija chini ya mtutu, moja nyuma ya ingine, pua ya hii ikigusa fataki ya ile iko mbele. Ukisubu kichwa chenye ncha kali, bunduki ikiruka kwa kishindo, ile ncha inaweza kufanya kazi ya pini na kulipua jirani yake ndani ya mrija, sentimita chache kutoka kwa mkono wako. Ndio maana vichwa vya leva vina pua bapa. Na usipobana mdomo wa ganda vizuri, springi ya mrija inasukuma kichwa ndani. Ukikiacha kirefu sana, kinakwama wakati leva inakipandisha. Hii bunduki ilikuwa inamtaka mwenyewe awe nusu fundi.

Browning alikuwa fundi mzima, na mwana wa fundi, aliyekulia kwa duka ambalo hizi kazi zilikuwa za kila siku. Alipokaa chini kuchora leva ya risasi kubwa, aliachana na goti kabisa. Akaweka vyuma viwili vinavyopanda wima, kimoja kila upande, na kufunga mlango wa risasi kama komeo mbili za geti. Ukisukuma leva chini zinashuka, ukirudisha zinapanda. Simpo hivyo. Hataza ilitoka Oktoba 1884. Yeye na Matt wakapanda treni hadi mashariki na mfano wao, na bei inayotajwa sana ni dola 50,000. Kwa kijana wa duka dogo, hiyo ni kuomoka.

Ikatoka kama Winchester Model 1886. Ilikula .45-70 bila kulia, ikala na kubwa kuliko hiyo, hadi .50-110. Karibu 160,000 zilitengenezwa. Na baruti mpya isiyo na moshi ilipokuja na presha yake kali, zile komeo mbili zikaibeba tu. Mimi kwangu hii ndio kazi yake bora ya leva. Wengi watakupinga waseme ni ile ya 1894, ambayo iliuzwa zaidi ya milioni 7. Mauzo sijakataa. Lakini 1894 alikuwa ameshajua njia. 1886 ndio alikuwa anaikata panga mkononi.

Browning mwenyewe, katikati ya hiyo moto yote, aliweka vyombo chini 1887 na kwenda Georgia miaka miwili kuhubiri dini yake. Hakuchora bunduki. Aliporudi ilikuwa ni kama bomba limefunguliwa.

Kuna stori inapendwa sana kuhusu 1892. Bennett alitaka leva ndogo, haraka. Akaahidi dola 10,000 ikifika kwa miezi mitatu, 15,000 ikifika kwa miwili. Browning akamwambia atailetea kwa siku 30 kwa dola 20,000, na ikichelewa, achukue bure. Ikafika kabla siku hazijaisha. Hiyo ndio Model 1892, ndani ni ile 1886 imepunguzwa mwili.

Halafu 1895 akaua ule mrija. Akaweka magazini ya sanduku chini ya bunduki, risasi zikilala moja juu ya ingine badala ya pua kwa fataki. Sasa ungeweza kutumia kichwa chenye ncha bila kuogopa. Na hapa ndio hii stori inaingia kwetu. Aprili 1909 Theodore Roosevelt, akiwa ametoka tu kwa urais wa Marekani, alishuka Mombasa na kijana wake Kermit na mizigo ya kufa mtu. Kwa hiyo mizigo kulikuwa na Winchester 1895 za .405. Akapanda reli, akiketi pale mbele kabisa ya injini kucheki wanyama, hadi Kapiti, ile nyanda unapita ukielekea Machakos. Simba wa Ukambani walikula risasi za fundi wa Ogden. Ila hizo hazikupikwa jikoni. Rais mstaafu alikuja na maboksi ya kiwanda.

Sasa rudi kwa lile neno, zote.

Kwa karibu miaka 20 Winchester ilinunua mchoro baada ya mchoro kwa Browning, kila mmoja kwa donge moja la pesa. Mingine hawakutengeneza kamwe. Waliifungia kwa kabati ndio washindani wasiipate. Na zile zilizouzwa, hata ziuze milioni, yeye hakuona senti nyingine. Wasanii wetu wanaolilia mrabaha wanaijua hii maumivu. Unapewa doo ya mkupuo leo, unafurahi, halafu unaskia ngoma yako ikipigwa miaka 30 na wewe unakopa fare.

Alikuja kujitetea akiwa na kitu mpya kabisa: bunduki ya marisau inayojikoka yenyewe. Alijua imeweza. Safari hii akamwambia Bennett hauzi kwa donge, anataka sehemu kwa kila moja itakayouzwa. Bennett akakataa. Kampuni haikuwa imewahi kumlipa hivyo na haikutaka kuanza. Browning akabeba bunduki yake akatoka, na miaka 19 ya dili ikaishia hapo.

Akaenda kwa Remington. Januari 8, 1902, alikuwa ameketi ofisini akingoja kumuona bosi, Marcellus Hartley. Akaletewa habari kwamba Hartley amefariki siku hiyo hiyo, moyo umemsimamia. Jaribu kufikiria hiyo siku. Umekosana na kampuni iliyokulisha miaka yote, na mlango wa pili umefungwa na kifo.

Hakurudi kuomba msamaha. Alipanda meli hadi Ubelgiji, mji wa Liège, kwa kampuni ya FN ambayo ilikuwa tayari inatengeneza bastola yake. Machi 1902 wakatia sahihi, mrabaha ndani. Baadaye Remington pia wakaja, kwa masharti hayo hayo. Na Wabelgiji walifanya kitu Winchester haikuwahi kumfanyia: walipiga chapa jina lake kwa chuma. Likaenea hadi kwa Kifaransa neno browning likawa jina la bastola yoyote, vile sisi tunaita sabuni yoyote ya unga Omo.

Jina lina gharama yake pia. Juni 28, 1914, Gavrilo Princip alimpiga risasi mrithi wa kiti cha Austria na mkewe pale Sarajevo. Bastola ilikuwa FN ya 1910, mchoro wa Browning. Sisemi fundi ndiye alileta vita. Vita ilikuwa imepikwa na wakubwa kitambo. Lakini miezi michache baadaye Wajerumani walikuwa wameteka Liège na kiwanda chake, na vita ikafika hadi huku. Vijana wetu wakashikwa kwa nguvu kubeba mizigo ya majeshi kwenye msitu wa Tanganyika, wakafa kwa maelfu kwa maelfu, wengi kwa njaa na magonjwa. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps. Sema hilo jina haraka haraka vile babu zetu walisema, unapata Kariokor. Na zile sanamu tatu ziko Kenyatta Avenue unazipita ukienda kushika mat, zinawakumbuka wao pia.

1917 Marekani nayo ilipokuwa karibu kuingia vitani, Browning aliipelekea jeshi bunduki mbili za rashasha na kuzionyesha Washington mwezi wa Februari. Serikali ikampea donge la dola 750,000 kwa haki za kuzitumia pamoja na ile bastola ya 1911. Mrabaha wa kawaida ungemletea zaidi ya milioni 12. Yule yule aliyevunja ndoa na Winchester kwa sababu ya mrabaha akakubali donge bila kubishana. Nimeisoma hiyo mara nyingi na bado inanishinda kidogo. Labda aliona serikali yake vitani si Bennett.

Matt, yule bro wa kuwinda ndege naye, alifariki 1923. Yeye akaendelea kuvuka bahari kwenda Liège, mara kwa mara. Novemba 26, 1926, akiwa kazini kule FN, kifua kilimbana. Alifia ofisini kwa kijana wake Val, akiwa na miaka 71 na hataza 128. Mwili ukarudishwa Ogden.

Aliacha bastola moja haijaisha. Fundi wa FN, Dieudonné Saive, ndiye aliimaliza, na ikatoka 1935 ikiwa na jina Browning. Mwaka huo huo Winchester ikafunga kazi ya 1886 na kuanza mpya, Model 71. Ukiifungua ndani, unakuta zile komeo mbili, zinapanda wima, kila upande moja.